Umechomwa Moyo, Mapigo Yamerudi: Usiseme Bado Kwamba Umeliwa

Juma lililopita kaka mmoja wa Muscat aliniandikia: "Salaam aleikum dada. Nimefanyiwa ablesheni, hii wiki ya tatu. Leo alfajiri moyo umeanza mambo yake yale yale. Mke wangu anasema tumeliwa hela. Wewe yalikukuta haya?"

Yalinikuta. Ablesheni ni kuchomwa kwa makusudi sehemu ndogo za moyo ili mapigo yaliyovurugika yanyooke. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, nikamwambia ampigie daktari wake na asiguse dawa. Urefu wake nauweka hapa, kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza. Nawajua wasomaji wangu. Mna shifti za usiku, mna msingi umesimama Kibaha au Kilifi unasubiri matofali, mna ada za watu. Hakuna kati yenu anayetaka kuitwa mgonjwa. Mnataka mkitoka wodini Jumanne, Jumatatu inayofuata muwe kazini. Nami nilitaka hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kulea wazee, kusini mwa Uingereza. Moyo ulipoanza kwenda mrama nilisema ni uchovu, halafu nikasema ni presha, halafu nikasema ni mambo ya umri wa wanawake. Siku moja nilikuwa namvalisha soksi bibi wa chumba cha mwisho, kifua kikaanza kutetema kama simu iliyowekwa mtetemo. Nikakaa kitandani mwake. Bibi wa watu, ambaye jina langu hulisahau kila siku, akanishika mkono akaniambia, "Wewe ndiye unayehitaji nesi." Kipimo cha umeme wa moyo kikasema atriali fibrilesheni: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, damu inatuama mle, na damu iliyotuama huganda. Ndiyo maana ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano.

Miezi ya kusubiri nairuka, ilikuwa ya barua na vidonge tu. Bisoprololi, ya kupunguza kasi ya moyo, ilinipooza hata kupanda ngazi ilikuwa safari, flekainide, ya kunyoosha mapigo, ikanisaidia kidogo kisha ikachoka. Mwisho bingwa akasema twende tukachome.

Nieleze kidogo kinachochomwa, maana wengi huingia mle hawajui. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliandika juu ya wagonjwa 45. Walipofuatilia cheche zinazowasha fujo hili, waligundua kwamba cheche 94 katika kila 100 zilitoka ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni hadi chumba cha juu cha kushoto. Ndiyo kazi inayofanyika mpaka leo. Katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kwenye mshipa wa kinena, ikapanda hadi moyoni, ikatoboa ukuta mwembamba kati ya vyumba viwili vya juu, kisha midomo ya mishipa ile ikazungushiwa kovu ili cheche zisivuke. Wengine huchomwa kwa joto, wengine kwa baridi kali, na siku hizi kuna mapigo mafupi ya umeme.

Sasa shikeni neno hilo la kovu. Kovu halizaliwi siku moja. Mwanzoni pale pamevimba, pana hasira, na moyo wenye hasira hupiga ovyo hata kama kazi imefanyika vizuri. Kwa miaka mingi madaktari walitenga miezi 3 ya kwanza, wakasema fujo la kipindi hicho lisihesabiwe kuwa ablesheni imeshindwa. Makubaliano ya mabingwa ya mwaka 2024 yakaipunguza hadi wiki 8. Vyovyote vile, kaka wa wiki ya tatu bado yumo ndani. Mapigo yakirudi mapema hivi, uwezekano wa kuja kurudi baadaye huongezeka, hilo sitalificha. Lakini wako wengi ambao hutulia na yakaisha.

Mimi niliamka kutoka nusu kaputi nimekatazwa kuinua kichwa. Nesi mmoja Mfilipino alikuwa amekandamiza kinena changu kwa ngumi mbili, uzito wake wote juu yangu, huku akinihadithia harusi ya mdogo wake. Chai nilinyweshwa kwa mrija. Kesho yake paja zima lilikuwa na rangi ya biringanya mpaka karibu na goti, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hiyo ni kawaida. Ni kawaida, ikiwa ni rangi tu. Ikiwa ni uvimbe unaokua, unaodunda, au damu haikomi, kandamiza na uite gari la wagonjwa.

Kabla mwezi haujaisha moyo ukaanza tena, usiku. Nikaenda idara ya dharura nikiwa na kanga juu ya nguo za kulalia. Nikakaa muda mrefu mno, na nilipofika mbele ya daktari, kijana wa kumzaa mimi, mapigo yalikuwa yameshatulia. Akatazama karatasi, akanitazama, akasema nina wasiwasi, nijaribu mazoezi ya kupumua. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye basi. Mpaka leo nikipita karibu na jengo lile natazama upande wa pili, na wala sioni haja ya kujifanya nimesamehe.

Nyumbani nako hakukuwa na pole. Kwenye grupu la ukoo shemeji mmoja aliandika, "Si alisema kapona? Wazungu wameshamla." Sikulipa hata senti, huku matibabu haya ni ya serikali, lakini nani atakaa kuandika yote hayo saa nane za usiku? Kazini bosi alikuwa na jedwali la siku za ugonjwa, na jina langu alilipaka njano. Kila nilipoomba ruhusa ya kliniki aliniuliza, kwa sauti ya upole ile inayouma, kama ablesheni "haikushika."

Aliyenitoa kwenye hali hiyo ni nesi wa kitengo cha mapigo ya moyo, kwa simu. Hakuniuliza nina wasiwasi gani. Aliniuliza, "Karatasi ya kipimo unayo?" Sikuwa nayo. Akanifundisha kitu ambacho ningekilipia: kila unapopimwa umeme wa moyo, popote, omba nakala, au ipige picha kwa simu kabla hujatoka. Fujo hili huja na kuondoka. Usipokuwa na karatasi, unabaki kuwa mwanamke mwenye wasiwasi. Mara iliyofuata nilikwenda mapema, nikaomba wanipime kabla sijaketi, na karatasi ikasema yenyewe. Nikalazwa, nikapewa usingizi mfupi, nikashtuliwa kwa umeme kifuani, nikaamka moyo umekaa kwenye mstari.

Na umekaa. Ngazi za ghorofa ya tatu napanda na kikapu cha nguo huku naongea na simu. Bosi yule amehama, jedwali lake sijui amelipeleka wapi.

Kwa hiyo kurudi hospitali baada ya ablesheni si aibu. Ukitaka tarakimu, kuna utafiti uitwao CABANA, uliotoka mwaka 2019: wagonjwa 2,204 katika nchi 10, nusu wakapangiwa kuchomwa, nusu dawa. Katika vifo, viharusi vya kulemaza, kuvuja damu vibaya na moyo kusimama, makundi hayakutofautiana kwa uhakika. Ila walipohesabu kufa au kulazwa kwa ajili ya moyo na mishipa, waliopangiwa kuchomwa walikuwa asilimia 51.7, wa dawa asilimia 58.1. Uisome mara mbili hiyo. Ablesheni ilipunguza, na bado zaidi ya nusu ya waliopangiwa kuchomwa walihesabiwa, wengi wao kwa kulazwa, si kwa kufa. Na mwaka 2016 utafiti wa FIRE AND ICE uliolinganisha baridi na joto ulikuta watu 11.8 katika 100 wa baridi na 17.6 wa joto wamerudishwa mezani kuchomwa tena. Aliyekuahidi kwamba utachomwa mara moja na usione tena geti la hospitali alikuwa anakufurahisha.

Nisikilizeni kwenye hili la dawa, maana hapa ndipo watu wetu wanapojimaliza. Moyo umetulia, mtu anajisikia vizuri, anaacha dawa ya kuzuia damu kuganda. Usiache. Baada ya kuchomwa unaimeza angalau miezi miwili au mitatu, kila mtu, hata kama huna dalili yoyote. Baada ya hapo daktari haangalii mapigo peke yake. Anaangalia umri wako, presha, kisukari, kama uliwahi kupata kiharusi, kama moyo wako ni dhaifu. Mwenye mzigo huo huendelea na dawa ingawa mapigo yamenyooka. Mimi nina presha, naimeza mpaka leo asubuhi na jioni, na simu yangu inalia kunikumbusha hata nikiwa msibani. Ukisafiri kwenda nyumbani, beba ya kutosha safari nzima na ziada, iwe kwenye mkoba wa mkononi. Nimesema usiache? Usiache.

Jambo lingine ni la nadra lakini linaua. Ukuta wa nyuma wa moyo umegusana na umio, mrija wa kupitisha chakula. Wiki kadhaa baada ya kuchomwa, mara chache sana, tundu huweza kufunguka kati ya viwili hivyo. Ukipata homa, maumivu ya kifua au ya kumeza, au udhaifu wa upande mmoja ndani ya miezi miwili ya mwanzo, usimeze panadoli ukalala. Nenda hospitali, na neno la kwanza mdomoni liwe "nilifanyiwa ablesheni." Waombe wawasiliane na waliokuchoma na wafikirie picha ya CT ya kifua kwanza, kwa sababu kamera ya kooni hupuliza hewa, na hewa ikipita kwenye tundu lile inaweza kwenda mpaka kwenye ubongo.

Uzito nao, pombe nayo. Mnanuna nikisema. Kule Adelaide, Australia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wanene wenye ugonjwa huu, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi walikuwa na nafasi mara sita ya kukaa bila fujo la mapigo. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Australia uliwachukua wanywaji 140. Walioacha, fujo lilirudi kwa asilimia 53, walioendelea kunywa asilimia 73. Na kama mwenzako anakwambia unakoroma kisha unakata pumzi, kapimwe usingizi. Mnaona fahari kumlipa daktari wa kuchoma, lakini kuacha chupa mbili za Jumamosi mnaona ni mateso. Ndugu zangu, moyo haujui kwamba ni Jumamosi.

Sasa kwa wale mnaoniandikia kutoka nyumbani kuwaulizia wazazi au wadogo zenu. Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa mapigo haya, hata vijana, walianza na homa ya baridi yabisi utotoni, ikaharibu vali. Huyo hali yake si kama yangu. Mimi dawa yangu ya kuzuia damu kuganda ni apiksabani, na kuna dada mmoja aliniuliza ainunue duka gani kwa ajili ya mdogo wake mwenye vali iliyosinyaa. Nilimzuia. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mapigo haya na vali zilizoharibiwa hivyo, ulionyesha kwamba waliopewa dawa za kundi la warfarini, nazo za kuzuia damu kuganda, walipata viharusi na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani, ambayo ni ndugu wa dawa yangu. Warfarini ina usumbufu wa kupima damu kila mara, lakini mdogo wake aendelee nayo. Kama kituo cha karibu hakina kipimo cha INR, kile cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, amuulize daktari aliyemwandikia ni wapi kinapatikana na apimwe baada ya muda gani, na majibu yaandikwe kwenye daftari moja, tarehe na kiasi cha dawa pembeni yake.