Karafuu hulinyamazisha jino, hailiponyi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza iwapo mtu anaweza kutunza meno na fizi zake kwa vitu vya asili pekee, pasipo kutegemea vile vinavyouzwa madukani. Swali hili niliwahi kulijibu kwa kinywa changu mwenyewe, nikalilipia gego moja la chini upande wa kushoto, kwa hiyo naomba nafasi ya kueleza kwa urefu kidogo.

Nianze na yale ambayo asili inayaweza, kwa sababu ni mengi na yanadharauliwa bure. Nimezaliwa Tanga, na mama yangu alitoka Wete, Pemba. Nyumbani kwetu vitu viwili havikukosekana: kifungu cha miswaki ya mti iliyonunuliwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa, na kopo la karafuu kavu. Babu yangu hakuwahi kumiliki mswaki wa plastiki. Alisugua meno kabla ya kila sala, kama Mtume alivyohimiza, na alifariki akiwa mzee sana huku bado anatafuna mahindi ya kuchoma. Sisi wajukuu tuliamini kwamba siri yote imo ndani ya mti.

Mti huo wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Huota katika nchi kavu, kuanzia Turkana, ambako wenyeji huuita esokon, hadi Uarabuni na Bara Hindi, na kabla plastiki haijafika pwani yetu neno mswaki lilimaanisha kijiti hicho tu. Ndani yake mna silika inayokwangua taratibu, kloridi, tanini zinazokaza fizi, na kemikali yenye salfa ambayo huwadhoofisha bakteria wa kinywani, na hiyo ndiyo inayouwasha ulimi mti ukiwa mbichi. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 kwa jamii ambazo ni desturi yao. Kwa hiyo anayedhani kwamba mswaki wa mti ni ushamba, au ni wa yule asiye na pesa za dukani, amekosea.

Hata hivyo, nikimkumbuka babu vizuri, naona kwamba mti ulikuwa nusu ya habari. Alichagua kijiti kibichi chenye unene wa kidole cha mwisho, akakichubua ganda kwa kisu urefu wa ukucha, akakitafuna mpaka nyuzi zikatawanyika na kulainika. Kisha alisugua kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino, ya juu kwa kushuka na ya chini kwa kupanda, wala hakuupeleka mswaki huku na huku kama anayekata mbao kwa msumeno. Alimaliza meno ya mbele, akaingia magegoni, akageuza kijiti kusugua upande wa ndani unaogusana na ulimi, na ulimi wenyewe akaupangusa mwishoni. Kazi hiyo ilichukua muda wa birika la chai kuchemka. Kesho yake alikata nyuzi za jana na kutafuna mpya, kwa sababu nyuzi zilizochoka hazisafishi na huweka uchafu.

Linganisha na vijana ninaowaona leo asubuhi stendi, mswaki wa mti umekaa mdomoni saa nzima huku mtu anaongea na simu. Wanasugua meno sita ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, na kule nyuma chakula kinakoganda hawafiki kabisa. Wengine wanasugua kwa nguvu upande kwa upande mpaka ufizi unarudi nyuma na mzizi wa jino unabaki wazi, kisha wanashangaa kwamba maji ya baridi yanawatia ganzi. Mti ni uleule aliotumia babu, lakini mkono sio ule.

Naona pia kwamba lugha yetu imetupotosha kidogo. Ile krimu ya kwenye tyubu tunaiita dawa ya meno, na mtu akishasikia dawa hufikiri kwamba kuipaka ni kutibu, na kwamba akikosa pesa ya kuinunua hana haja ya kusugua. Kinachoharibu meno na fizi ni utando laini unaojijenga juu ya jino kila siku, uliojaa bakteria, na utando huo huondoka kwa kusuguliwa. Povu peke yake haliutoi, iwe umetumia krimu, chumvi au maji matupu. Mwaka 1965 mjini Aarhus, Denmark, mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba na kutoa damu kirahisi. Waliporudia kusafisha, fizi zao zilipona katika muda wa wiki moja hivi. Laiti ningeyajua hayo mapema.

Nilipokuwa na miaka 34 fizi zangu zilianza kutoka damu kila nikipiga mswaki. Nilidhani mswaki ndio unaozijeruhi, na jirani mmoja, aliyenitakia heri kwa moyo wote, alinishauri nizipumzishe na nisukutue kwa maji ya chumvi. Nikafanya hivyo. Maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja ni kitu kizuri, hupunguza uvimbe na kusafisha kidonda baada ya jino kung'olewa, nami ningali nikiyatumia. Kosa langu lilikuwa kuyaweka mahali pa mswaki. Kila siku niliyozipumzisha fizi, nilikuwa ninawapumzisha bakteria. Utando ukigandamana na madini ya mate hugeuka ugaga, ile gamba ya manjano au kahawia inayoshika shingoni mwa jino, na ugaga ukishakuwa mgumu hakuna jani, mzizi, chumvi wala mafuta yanayoutoa. Hukwanguliwa kwa kifaa na mtu aliyesomea, basi.

Gego lilipoanza kuuma nilifungua kopo la karafuu. Hapa nataka kuitendea haki karafuu, maana ni fahari ya kwetu na haikunidanganya. Mimi ndiye niliyeielewa vibaya. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni kitu kiitwacho eujenoli, ambacho hutia ganzi na kuua vijidudu. Kule Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachokamua mafuta hayo kutoka kwenye makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na madaktari wa meno kwa miaka mingi wamechanganya eujenoli na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Kwa hiyo bibi aliyetuambia tubane karafuu kwenye jino linalouma alijua alisemalo. Nilibana karafuu kwa takriban miezi minane, kila maumivu yalipozidi, na siku moja yakakoma kabisa. Nilishukuru, nikawaeleza na wenzangu kwamba nimepona. Baada ya wiki kadhaa shavu lilivimba usiku mmoja hata jicho likafumba.

Daktari wa meno aliponitazama aliniambia, bila kunikaripia, “Mama, karafuu ilikunyamazishia jino, haikukuponyea. Maumivu yaliisha kwa sababu mshipa ndani ya jino umekufa.” Uozo ulikuwa umeshafika kwenye kiini, usaha ukakusanyika chini ya mzizi, na jino ambalo mwanzoni lingezibwa kwa muda mfupi likang'olewa. Tangu siku hiyo karafuu kwangu ni ya usiku mmoja, ya kunivusha mpaka asubuhi niende kliniki. Na mafuta yake safi siyaweki moja kwa moja kwenye ufizi, kwa kuwa huunguza. Huchovya pamba kidogo katika mafuta ya nazi yaliyotiwa tone moja la karafuu, nikaigusisha kwenye jino tu.

Kuhusu mkaa na limau sitasema mengi. Mkaa uliosagwa hukwangua ganda la nje la jino, na ganda hilo likishalika halioti tena. Chini yake kuna tabaka lenye umanjano, hivyo anayesugua mkaa ili meno yawe meupe mwishowe huyaona yanazidi kuwa ya manjano. Limau huyayusha ganda hilohilo kwa asidi. Kuchanganya limau na kitu cha kukwangua ni kulilainisha jino kisha kulipiga msasa.

Ninachoomba wasomaji wakitafakari ni hili neno asili lenyewe, maana tunalitumia kana kwamba lina maana ya salama. Popoo, ile kokwa ngumu ya kutafuna na tambuu, ni ya asili, imetoka mtini, na tambuu pamoja na chokaa na tumbaku vilikuwa uraibu wa heshima katika nyumba nyingi za pwani, ikiwemo ya kwetu. Lakini wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameitaja popoo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hata isipochanganywa na tumbaku. Sukari ya muwa na ya tende ni ya asili, na bakteria wa kinywani hawaibagui na ile ya kiwandani: wote huigeuza asidi, na mate huchukua nusu saa au zaidi kuituliza. Ndiyo maana mwenye kunywa chai tamu mara moja pamoja na chakula huumia kidogo kuliko anayeshinda na kikombe akionja asubuhi hadi jioni, hata kama sukari ya wote wawili ni kiasi kilekile.

Hata floraidi, madini yanayotiwa kwenye dawa ya meno ili kuliimarisha ganda la jino, ni ya asili. Wenzetu wanaoishi kuzunguka Mlima Meru wanaijua kuliko sisi, kwa sababu maji ya chemchemi nyingi za huko yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosugulika. Magadi ya kuivishia maharage na makande huongeza madini hayo tumboni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimekuwa kikichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na huo ndio mkaa ninaoweza kuusifu katika habari ya meno. Kwetu Tanga mambo ni tofauti, na kwa kuwa mswaki wa mti pekee hautoi kinga ya kutosha ya floraidi, usiku hutumia krimu yenye madini hayo. Mjukuu wangu wa miaka miwili nampakia kiasi cha punje moja ya mchele, si zaidi, maana bado hajui kutema vizuri.

Chakula nacho kina sehemu yake. Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitoka India baada ya karibu miezi mitatu baharini. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na waliobaki walikuwa na fizi zilizovimba hata kufunika meno. Machungwa ya Malindi ndiyo waliyoyatamani. Mapera, machungwa na mchicha wetu bado vinafanya kazi hiyohiyo, na mtu asikose. Lakini siku hizi jina la kiseyeye tunambandika kila anayetoka damu kwenye fizi, akaambiwa ale matunda tu, ilhali wengi wetu shida yetu ni utando na ugaga, na machungwa hayausugui utando. Kwa wengine damu hiyo ni dalili ya kisukari kisichodhibitiwa, na mama mjamzito fizi zake huvimba upesi zaidi ya kawaida.

Kwa hiyo kwa msomaji ambaye leo asubuhi ameona damu kwenye mswaki wake, ushauri wangu ni asiuache. Achukue mswaki laini, wa mti au wa plastiki kwa namna anavyopenda, asugue palepale panapotoa damu, taratibu, kutoka ufizini kwenda ncha ya jino, mara mbili kwa siku, na ahesabu siku 14. Zikipita na damu bado inatoka, aende akakwanguliwe ugaga, na mswaki wake aende nao, ili amwonyeshe daktari jinsi anavyoushika.