Barua kwa mwanangu: lenzi ya kumbi zenye mwanga hafifu

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Babako hajambo, na mguu wake unaendelea vyema. Jumapili ulinipigia simu ukiwa ndani ya matatu, ukaniuliza ununue lenzi ipi kwa ajili ya arusi na hafla za ndani: ile ya 50mm uliyoonyeshwa Luthuli Avenue kwa bei ya kuvutia (mm zikizidi, lenzi huvuta karibu zaidi na kuona eneo dogo), au ukope pesa upate 70-200mm ya f/2.8 kama ya rafiki yako. Nilikuahidi kukuandikia, kwa maana mambo ya nambari hayaingii sikioni huku makanga akiita abiria.

Kwanza nilizitazama tena picha ulizonitumia za arusi ya Kayole. Angalia ile ya kukata keki. Kisu kinaonekana kama visu vitatu na mkono wa bibi arusi umekuwa moshi, ilhali nguzo iliyo nyuma yake imetulia hivi kwamba nyufa za rangi zinahesabika. Maana yake ni kuwa hukuitikisa kamera, na VR ya lenzi yako, ile inayopunguza mtikisiko wa mkono wa mpiga picha, ilifanya kazi yake. Waliosogea ni watu, nayo VR haimtulizi mtu. Taarifa za picha hiyo zinasema f/5.6, shata (muda wa kupitisha mwanga) 1/20 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600. Lenzi iliyokuja na kamera yako, Nikon D5600, ukiivuta hadi 55mm, haiwezi kupanua tundu lake la kuingizia mwanga kupita f/5.6, kwa hivyo ili picha isiwe giza ilibidi shata ikae wazi muda mrefu, na katika muda huo kisu kilikuwa safarini.

Nambari ya f inapopungua ndipo tundu linapopanuka. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga huongezeka mara nne, na hadi f/2 huwa karibu mara nane. Katika ukumbi uleule na kwa ISO ileile, f/2 ingekupa shata ya takriban 1/160, na pengine kisu kingebaki kimoja. Ukipandisha ISO hadi 3200, ambayo kamera yako huistahimili bila chembechembe za kuudhi, unafika 1/320, na hapo hata wanaoingia kwa kucheza utawapata.

Kwa hivyo nakushauri ununue 35mm f/1.8, ile inayoandikwa AF-S DX. Najua 50mm inasifiwa na kila mtu, na mimi mwenyewe arusi zangu za mwanzo nilizipiga kwa Pentax K1000 yenye 50mm f/2 na filamu ya picha 36, lakini kihisi cha D5600, kile kinachopokea picha mahali pa filamu, ni kidogo kuliko fremu ya filamu ile. Zidisha kwa 1.5: kwenye kamera yako 50mm huona kama 75mm, na 35mm huona kama 52mm hivi, yaani karibu sawa na ile 50mm ya filamu iliyonilisha. Katika kumbi zetu zenye meza zilizobanana, ukitaka kuwapata maharusi na wazazi wao kwa 50mm utarudi nyuma hadi ukalie sufuria ya pilau.

Lipo pia jambo la ile 50mm yenyewe. Uliniambia imeandikwa AF 50mm f/1.8D. Hakuna S baada ya AF. Lenzi za aina hiyo hazina ndani yake mota ya kulenga, yaani ya kuifanya picha itoke wazi bila ukungu. Hutegemea mota iliyo kwenye kamera, na D5600 haina. Itashika vizuri na itapiga picha, ila kulenga utalenga kwa mkono kutwa nzima, gizani, huku bwana arusi akiwa ameshamvisha mwenzake pete. Sidhani muuzaji alikudanganya, hukumuuliza tu.

Kuhusu 70-200mm, sikukatazi kuitamani. Ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na kwenye kamera yako huanza kuona kama 105mm, jambo linalofaa kanisa kubwa ambako padri hakuruhusu kupita viti vya mbele. Siku ya kazi kama hiyo ikodi, na kodi uiweke kwenye bei ya mteja. Nami niliwahi kununua lenzi ndefu yenye tundu dogo kwa sababu ilinifanya nionekane fundi. Sherehe ya kwanza niliyokwenda nayo ilinirudishia nyuso nyeusi tupu, na mama wa bibi arusi hajanisalimia hadi leo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba f/1.8 ni ya kila picha. Ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka wazi ina kina cha sentimita ishirini na kitu. Ukimkaribia hadi mita moja, hubaki kama sita. Lenga jicho, la sivyo utapata pua safi na macho ya ukungu. Wazee wakipanga safu mbili, funga tundu hadi f/4, rudi nyuma kidogo, na utumie flashi ukiielekeza kwenye dari nyeupe. Chini ya hema la manjano usithubutu, maana wote watatoka na rangi ya bizari.

Ukiona mistari ya giza ikikatiza picha chini ya taa za LED, shusha shata hadi 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingine hupepesa mara 100 kwa sekunde.

Mtumba unafaa mradi tuukague. Tutamulika tochi ya simu kupitia lenzi, tutafute kuvu, ambayo huonekana kama utando wa buibui ukingoni mwa kioo, kisha tupige maandishi ya boksi kwa f/1.8 tuone kama kamera inalenga inapoambiwa. Jumamosi saa nne asubuhi nitakungoja pale Luthuli, upande wa kuingilia kutoka River Road. Njoo na kamera yenyewe, na safari hii betri iwe imejaa.

Ni mimi mamako.