Presha inayobadilika kila ukipima

Dada, umeuliza kwa nini mama yule yule hapo zahanati kwenu Bagamoyo anasoma 158/96, halafu nusu saa baadaye 134/84, na kama mashine imeharibika. Kabla ya kuilaumu mashine, tazama mkono.

Mama aliyepanda kutoka soko la samaki na ndoo kichwani hapimwi akifika tu. Akojoe kwanza, kisha akae dakika 5 kamili, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo. Ukining'inia, presha inasomeka juu. Wala usimuulize habari za watoto mkanda unapojaa, maana kuongea peke yake kunapandisha namba.

Kosa kubwa zaidi ni mkanda wenyewe. Mfuko wake wa hewa unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mama mnene akifungwa mkanda mdogo anapewa presha asiyokuwa nayo, na pengine dawa za maisha! Mwombe mganga mfawidhi mkanda mkubwa. Usifunge juu ya baibui, wala usiikunje ikabana kama kamba; mpeleke nyuma ya pazia atoe mkono mmoja.

Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati, uandike wastani. Usimpe mtu jina la mgonjwa kwa siku moja, ila akifika 180/120 na kifua kinabana au macho yana ukungu, rufaa papo hapo. Mjamzito ni habari nyingine: akifika 140/90 baada ya wiki 20, pima protini kwenye mkojo siku hiyo hiyo.