Makohozi meusi, kupuliza mpaka mwisho na cheti cha "fiti"
Maswali ya wasomaji kuhusu kupima afya kwenye kazi za makaa ya mawe

Makaa ya mawe yanachimbwa kule Ngaka, wilayani Mbinga, lakini vumbi lake halibaki Ruvuma. Linashuka na malori kupitia Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara, na kila anayelichimba, kulipakia, kulisafirisha au kulishusha analivuta. Ndiyo maana safari hii ukurasa wote tumewaachia ninyi mnaoishi na vumbi hilo.

Shikamooni. Nashusha makaa bandarini. Nikitoka zamu natema makohozi meusi tii. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa kila jioni, eti yanasafisha kifua. Je, mapafu yangu yamekwisha?
*Kuli, Chikongola, Mtwara*

Marahaba. Makohozi meusi jioni ya siku ya kazi peke yake hayaonyeshi kwamba mapafu yameharibika. Hilo ni vumbi nene lililonaswa puani na kwenye njia za juu za hewa, na mwili unalitoa. Ukikaa siku kadhaa bila kugusa makaa, makohozi yanapaswa kurudi kuwa meupe. Yakiendelea kuwa meusi hata baada ya likizo ndefu, nenda ukapimwe.

Vumbi linaloua mapafu ni lile usiloliona. Chembe zake ni ndogo kuliko maikroni 5, wakati unywele mmoja una kama maikroni 70. Zinapita koo, zinapita mirija, zinatua kwenye vifuko vya hewa. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, na pale zilipofia panabaki kovu. Kazi hiyo huchukua miaka, mara nyingi 10 na zaidi, na haina dawa ya kuirudisha nyuma. Jiwe linalofunika makaa likiwa na silika nyingi (madini yaliyomo kwenye mchanga na miamba mingi), mambo huenda haraka zaidi, kwa hiyo wanaotoboa miamba mgodini wako hatarini kuliko wewe unayeshusha. Silika pia humfungulia mlango kifua kikuu.

Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu hata tone. Mwajiri anayegawa pakiti za maziwa huku rundo la makaa halimwagiwi maji na malori hayafunikwi turubai hajawalinda. Kinga inaanzia kwenye maji na turubai, barakoa inafuata. Barakoa yenyewe iwe N95 au FFP2, iliyobana uso pande zote. Kitambaa hakizuii chembe hizo, na ndevu huacha upenyo ambao vumbi hupitia.

Kikohozi kikifika wiki mbili, au ukitoa damu, ukakonda, au ukatokwa jasho usiku, usisubiri kipimo cha kazini. Peleka makohozi kituo cha afya yapimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa hutolewa bure.

Nilipuliza kwenye ile mashine zaidi ya mara tano, nesi ananipigia kelele "puliza! puliza!", na mwisho karatasi ikasema irudiwe. Utingo mwenzangu mwaka jana alipata asilimia 91, mwaka huu 84. Ndiyo anaumwa?
*Utingo wa semi, Masasi*

Kelele za nesi ni sehemu ya kipimo. Spirometa inapima mambo mawili: jumla ya hewa unayoweza kuitoa kwa nguvu, na kiasi kinachotoka katika sekunde 1 ya kwanza. Ukipuliza kwa unyonge namba inashuka, na mashine haiwezi kujua kama tatizo ni mapafu au ni uvivu.

Kifanyike hivi. Upimwe urefu bila viatu, maana namba yako hulinganishwa na ya mtu wa umri, jinsia na urefu wako. Sentimita 3 za soli zinaharibu hesabu. Keti wima, miguu sakafuni, pua ibanwe kwa kibanio. Vuta hewa mpaka kifua kijae kabisa, ziba mdomo vizuri kuzunguka mrija, kisha toa kwa kishindo bila kusitasita, uendelee kusukuma hata unapodhani hewa imekwisha. Wengi hukosea hapo mwishoni: wanaacha baada ya sekunde 2 au 3, na hewa iliyobaki ndani haihesabiwi. Unatakiwa kufika mahali ambapo mstari kwenye kioo umelala kabisa, jambo ambalo kwa mtu mzima mara nyingi huchukua sekunde 6 au zaidi.

Zinahitajika angalau puliza 3 safi, na mbili zilizo bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Mpimaji anaweza kukurudisha hadi mara 8, kwa hiyo zaidi ya mara tano si dalili ya ugonjwa. Kikohozi katikati, mdomo uliovuja, ulimi kuziba mrija, au kuanza kwa kusitasita: vyote hufanya puliza ikataliwe.

Siku ya kupima usivute sigara kwa angalau saa 1 kabla, usile ukashiba ndani ya saa 2, na usivae mkanda unaobana. Na hili mabingwa wa korosho mlisikie vizuri: usipime siku uliyotoka shambani kupuliza salfa kwenye mikorosho. Vumbi la salfa linachokoza njia za hewa na linaweza kushusha namba zako, halafu makaa yakabebeshwa lawama isiyo yake, au kinyume chake. Ukiwa umepuliza salfa, mwambie mpimaji aandike. Aliyepata mshtuko wa moyo au kufanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, au anayekohoa damu, asipulize kabisa mpaka daktari amruhusu.

Sasa hiyo 91 na 84. Asilimia hutokana na jedwali la watu wa kulinganishwa nao lililowekwa ndani ya mashine. Kampuni ikibadilisha mpimaji, na mpimaji huyo akatumia jedwali jingine, asilimia inashuka huku mapafu ni yaleyale. Kwa hiyo mwenzako aachane na asilimia, atazame lita. Kama sekunde ya kwanza ilikuwa lita 3.60 mwaka jana na sasa ni 3.55, hapo hakuna jambo. Mtu mzima hupoteza kiasi cha mililita 30 kwa mwaka kwa umri tu. Ikiwa imetoka 3.60 hadi 3.00, upungufu umezidi asilimia 15. Arudie kipimo baada ya wiki chache, na ukibaki hivyo aonwe na daktari hata kama asilimia bado inasomeka "kawaida".

Muulize pia mpimaji kama mashine imehakikiwa asubuhi hiyo kwa bomba la kusukumia hewa la lita 3. Isome kati ya 2.91 na 3.09. Nje ya hapo, namba za watu wote wa siku hiyo hazifai. Na kwa joto letu la Mtwara, nyuzi za chumba ziingizwe zilivyo kwenye mashine zinazodai hivyo, zisiachwe zile za kiwandani.

Picha yangu ya kifua imeandikwa 0/1. Daktari mmoja kasema niko safi, mwingine kasema nina vumbi. Nimwamini nani?
*Fundi wa mitambo, Shangani, Mtwara*

Huenda wote wawili wako karibu na ukweli. Picha za vumbi husomwa kwa mfumo wa Shirika la Kazi Duniani, kwa kulinganishwa na picha za mfano. Namba ya kwanza ni daraja alilochagua msomaji, ya pili ni daraja jingine alilolifikiria kwa uzito. 0/1 maana yake: nimechagua kwamba hakuna, ila nilitafakari daraja la kwanza. 1/0 ni kinyume chake, na hapo ndipo wengi huanza kuhesabu kuwa kuna dalili ya ugonjwa wa vumbi. Mfumo unapanda hadi 3/+. Madoa makubwa zaidi ya sentimita 1 huandikwa kwa herufi A, B au C, na hayo ni mabaya.

Kwa hiyo 0/1 si ugonjwa, ila ni picha ya kutunza. Omba faili lenyewe kwenye sidii au flashi. Picha ya picha iliyopigwa kwa simu haifai, maana vidoa vinavyotafutwa vinaweza kuwa na milimita 1.5 au chini, na simu huvifuta. Ukipiga nyingine miaka ijayo, zisomwe mbili kwa pamoja. Isitoshe, picha hukawia: mapafu yanaweza kuwa yameanza kuumia na eksirei ikaonekana safi, ndiyo maana haiachanishwi na kupuliza wala na maswali kuhusu kazi ulizowahi kufanya. Taja zote, hata kuponda kokoto, kuchoma chokaa na kiwanda cha saruji.

Tunaogopa. Ukikutwa na tatizo unaachishwa. Wengine ni vibarua wa siku. Na tumesikia wanapima ukimwi kimyakimya.
*Wapakiaji wanne, Mtwara*

Hofu yenu ina msingi, hatutaibeza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inadai mfanyakazi apimwe, na gharama ni za mwajiri. Mtu akiambiwa alipie mwenyewe au akatwe kwenye ujira, aripoti OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. VVU havipimwi kwa lazima ili mtu apewe kazi; sheria ya mwaka 2008 imekataza. Damu ikichukuliwa, uliza inapimwa nini kabla hujanyoosha mkono.

Mwajiri anachohitaji ni jibu la kama unafaa kwa kazi hiyo, hufai, au unafaa kwa masharti, kwa mfano usiwekwe kwenye vumbi. Namba za mapafu na picha ni zako na daktari. Nanyi msikubali kuondoka na cheti kilichogongwa muhuri "fiti" peke yake. Dai karatasi ya lita, grafu na ripoti ya picha. Kibarua anayehama kampuni tatu kwa mwaka ndiye anayehitaji bahasha hiyo kuliko wote, kwa sababu hakuna mwajiri atakayemtunzia.

Ugonjwa uliotokana na kazi hufidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango yake hulipwa na mwajiri, haikatwi mshahara wenu. Bila vipimo vya mwanzo, ni vigumu kuthibitisha kwamba ulianza kazi ukiwa mzima.

Mwanangu anaanza mgodi wa kinywe (grafaiti) Ruangwa, si makaa. Naye apimwe?
*Mama, Lindi*

Ndiyo, mama, na apimwe kabla ya siku ya kwanza, si baada ya mwezi. Mwamba wenye kinywe huwa na silika pia. Apulize spirometa, apigwe picha, na kwa kuwa migodini kuna mitambo apimwe masikio pia, akiwa amekaa angalau saa 14 mbali na kelele, muziki wa vipokea sauti ukiwemo. Nguo za kazi afulie hukohuko mgodini. Zikija nyumbani ziloweke kwanza, usizikung'ute karibu na watoto. Nakala za majibu akupe wewe umtunzie.