Jibu: Mume ametimiza umri wa pensheni, mke bado. Je, Pension Credit ya Uingereza inapatikana?

Ndugu yangu, umeuliza kama baba yako mdogo, aliyetimiza miaka 66 huku Uingereza, anaweza kuomba Pension Credit, fao la kuwaongezea kipato wazee, ilhali mke wake ana miaka 54. Umeeleza pia kwamba wanapanga nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, ya vyumba viwili vya kulala, kwamba mama huyo hana kazi kwa sasa, na kwamba wana nyumba Tanga ambako hupenda kwenda kupumzika wakati wa baridi. Jibu ni kwamba hawezi, mpaka mke naye afikie umri wa pensheni ya serikali. Nalisema hili nikilijua kwa ndani, kwa sababu mimi mwenyewe ni mke wa namna hiyo: mume wangu alifikia umri huo mwaka 2021, nami nilikuwa bado mbali nao, na tangu hapo kanuni hii ndiyo inayoamua tunakula nini na tunalipaje nyumba.

Pension Credit ilianza Oktoba 2003 ili kuinua kipato cha wazee ambao pensheni yao ni ndogo, na kwa miaka zaidi ya 15 ilitosha mmoja wa wanandoa awe ametimiza umri. Sheria ya mafao ya mwaka 2012 ilikuwa imekwisha kufungua njia ya kubadilisha hilo, lakini tarehe ya utekelezaji ilitangazwa 14 Januari 2019, siku moja kabla ya Bunge kupiga kura kubwa ya Brexit, wakati ambapo macho ya nchi nzima yalikuwa kwingine. Kuanzia 15 Mei 2019, wanandoa wanaoomba upya lazima wote wawili wawe wamefikia umri wa pensheni. Kama mmoja bado, mlango wao ni Universal Credit, yaani fao la watu wa umri wa kufanya kazi. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mtu mwenye umri wa kufanya kazi asipokee fao la wazee, lisilo na sharti la kutafuta kazi, kwa sababu tu ameolewa na mzee au ameoa mzee. Naielewa hoja hiyo, lakini gharama yake haimwangukii yule mwenzi mdogo kwa umri peke yake, humwangukia na mzee, ambaye gharama za dawa, joto la nyumba na chakula hazimsubiri mkewe azeeke.

Tazama hesabu kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26. Pension Credit huwahakikishia wanandoa paundi 346.60 kwa wiki, na mzee anayeishi peke yake paundi 227.10. Kiwango cha msingi cha Universal Credit kwa wanandoa ni paundi 628.10 kwa mwezi, ambazo ni kama paundi 145 kwa wiki. Maana yake ni kwamba mzee mmoja peke yake anahesabiwa kuhitaji zaidi kuliko yeye na mkewe kwa pamoja. Na si hilo tu: pensheni ya serikali hukatwa yote kutoka kwenye Universal Credit, paundi kwa paundi. Tuseme baba yako mdogo anapata pensheni mpya kamili, paundi 230.25 kwa wiki, ambayo kwa mwezi ni paundi 997.75, na kodi ya nyumba ni paundi 600. Kwa kuwa wana chumba kimoja cha ziada, asilimia 14 ya kodi haihesabiwi katika Universal Credit, hivyo zinabaki paundi 516 za msaada wa kodi. Jumlisha na 628.10, ondoa pensheni, na mkononi wanabakiwa na msaada wa paundi 146.35 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani wangepata nyongeza ya kama paundi 504 kwa mwezi na kodi yao yote ya paundi 600 ingelipwa na Housing Benefit, bila kukatwa kwa sababu ya chumba. Nimeipiga hesabu hii kwa ajili ya familia kadhaa, na kila mara watu hudhani nimekosea.

Hata hivyo nakusihi waombe Universal Credit, na wasiiache kwa hasira. Ombi ni la pamoja, lakini baba hatadaiwa kutafuta kazi. Masharti ya kazi humwangukia mama, na asipoyatimiza bila sababu hukatwa sehemu yake. Akipata kazi, kila paundi anayoipata hupunguza malipo kwa senti 55, jambo ambalo kwa kweli ni nafuu kuliko Pension Credit, ambayo kwa wanandoa huacha paundi 10 tu za mshahara wa wiki kabla ya kuanza kukata zote. Tena, hata malipo yakiwa madogo, huyo mama huandikiwa michango ya bima ya taifa inayohesabiwa katika pensheni yake ya baadaye, na kwa mwanamke aliyefika nchi hii akiwa mtu mzima hilo si jambo dogo.

Jambo lililotuokoa sisi ni Attendance Allowance. Mume wangu alipata kiharusi, akawa anahitaji kusaidiwa kuoga, kuvaa na kuamka usiku. Fao hilo hupewa mtu aliyefikia umri wa pensheni ambaye amehitaji msaada wa namna hiyo kwa angalau miezi 6. Kwa mwaka 2025/26 lilikuwa paundi 73.90 au 110.40 kwa wiki, halitazami kipato wala akiba, na halikatwi kwenye Universal Credit. Lilipokubaliwa, mimi ninayemhudumia kwa zaidi ya saa 35 kwa wiki nikaongezewa sehemu ya mlezi katika Universal Credit, ambayo mwaka 2025/26 ilikuwa paundi 201.68 kwa mwezi, na wito wa kutafuta kazi ukakoma. Wazee wetu wengi huona haya kuandika kwenye fomu kwamba hawawezi kujifunga vifungo. Mkalie baba yako mdogo mwandike pamoja, na mweleze siku zake mbaya, si ile siku moja aliyoamka na nguvu.

Kuhusu nyumba ya Tanga, sikiliza kwa makini. Pension Credit haina kikomo cha akiba, lakini Universal Credit haitolewi kabisa mali na akiba zenu zikizidi paundi 16,000, na nyumba au kiwanja kilicho nje ya nchi huhesabiwa kwa thamani ya kuuzwa huko kiliko. Iko nafuu moja inayowahusu watu wengi wa kwetu: nyumba anamoishi jamaa wa karibu, kwa mfano mama mzazi au kaka, ambaye amefikia umri wa pensheni au hana uwezo wa kufanya kazi kwa sababu ya afya, haihesabiwi. Wataje nyumba hiyo na waeleze nani anaishi ndani. Wasiifiche hata kidogo.

Safari nazo zina mpaka. Universal Credit huruhusu kukaa nje ya nchi mwezi mmoja tu, na unaweza kuongezwa mwezi mwingine ikiwa amefariki mwenzi, mtoto au ndugu wa karibu na si busara kumtaka mtu arudi mara moja. Pensheni yenyewe ya serikali haikatwi kwa sababu ya safari. Nalisisitiza hili pia kwa wasomaji wengine ambao walikuwa tayari wanapokea Pension Credit au Housing Benefit ya wazee tarehe 14 Mei 2019: ninyi mmelindwa, lakini kinga hiyo hudumu maadamu haki yenu haijakatika. Mkikaa Mombasa au Unguja miezi mitatu, haki hukatika baada ya wiki 4 au hata siku ya kuondoka, na mkirudi mtaomba upya kwa kanuni mpya. Namjua mzee aliyepoteza kila kitu kwa njia hiyo, kwa ajili ya arusi ya mjukuu.

Umesema mama ana kibali cha ukaazi wa kudumu, ndiyo maana wanahesabiwa kama wanandoa. Lakini kuna wengi humu walioleta wake au waume kwa viza ya ndoa, ambayo imeandikwa kwamba mwenye nayo hana haki ya fedha za umma. Hao hawamo katika kanuni hii kwa sasa: mzee huomba Pension Credit kama mtu asiye na mwenzi, na hulipwa kiwango cha mtu mmoja, ingawa mke yumo ndani ya nyumba. Mgeuko hutokea siku mke anapopata ukaazi wa kudumu, ambao kwa njia ya kawaida ya ndoa huombwa baada ya miaka 5. Furaha ya barua ile huja pamoja na kukoma kwa Pension Credit ya mzee, kwa kuwa sasa wao ni wanandoa wa umri tofauti. Ukaazi ni lazima uombwe, sisemi vinginevyo. Ninachosema ni kwamba wajiandae mapema kwa akiba, kwa kazi ya mke, au kwa fao la ulezi kama mzee ni mgonjwa, na wapate ushauri wa mtu mwenye leseni ya masuala ya uhamiaji kabla ya kugusa fao lolote.

Kuna watakaomnong'oneza baba yako mdogo aseme ameachana na mkewe ili apate zile paundi 227.10. Msikubali. Kuishi pamoja na kudai mmeachana ni kosa la jinai, fedha hudaiwa zirudishwe, na aibu yake haisemeki. Mimi naichukia kanuni inayofanya talaka iwe na faida kuliko ndoa, lakini dawa yake ni kuwaandikia wabunge, na nimewaandikia.

Mwisho, umri wa pensheni unapanda kutoka 66 hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028, kwa hiyo mama hatafika kabla ya miaka 67, na siku hiyo Pension Credit haitakuja yenyewe: lazima waiombe, na hurudishwa nyuma miezi 3 tu. Ukiniandikia kiasi halisi cha pensheni ya baba, kodi ya nyumba na nani anaishi katika ile nyumba ya Tanga, nitawapigia hesabu yao. Waende pia kwa mashirika ya ushauri, Citizens Advice au Age UK, na karatasi zote mkononi.