Mnara wa kupozea kompyuta kwa maji, kwa sisi wa kiangazi

Kama unakaa Entebbe, au popote karibu na ziwa ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, soma haya kwa kujifurahisha tu. Ukimaliza, nunua hitisinki kubwa yenye feni mbili (chuma chenye mapezi kinachonyonya joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta), itakutosha. Nawaandikia wenzangu wa Arua, Adjumani, Gulu na Moroto, wanaofanya kazi ya kompyuta chini ya mabati tangu Desemba hadi Machi, wakati chumba ikifika saa nane mchana ni tanuri. Mnara ninaousema ni bomba lililosimama ambamo maji yanadondoka huku feni ikipuliza hewa, yanapoa, kisha yanapoza kompyuta. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Harusi nazo hupenda kiangazi, kwa hiyo mashine huchemka wakati uleule ambao wateja hawaachi kupiga simu.

Kabla ya mnara, prosesa ilikuwa inacheza kwenye digrii 90 na ushee. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia digrii 100 hujipunguzia kasi zenyewe, ndiyo maana kazi ya saa moja inakula saa mbili na hujui imekwama wapi. Feni zangu zilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba feni hupuliza hewa ya chumbani, na chumba kikiwa na digrii 36, hakuna feni duniani itakayoshusha kitu chini ya hapo. Juu ya hayo, Arua iko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo.

Maji yanayogeuka mvuke hayafungwi na mpaka huo. Mtungi wa bibi unalithibitisha kila siku: maji yanapenya udongo, yanakauka nje, na yaliyobaki ndani yanakuwa baridi kuliko hewa iliyouzunguka. Gramu moja ya maji ikikauka kwa joto la kawaida huondoka na takriban juli 2,400 za joto (wati moja ni juli moja kwa sekunde). Kompyuta inayotoa joto la wati 150 inahitaji kukausha kama robo lita kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha chini, kwa sababu mnara hupoza pia hewa inayopita ndani yake, na hiyo nayo inakula maji. Hewa ikiwa kavu sana na feni ikiwa na nguvu, hesabu mara mbili au zaidi. Mahali ambapo watu wanapanga foleni kisimani, hilo ni jambo la kufikiria kabla hujaanza.

Sasa, usinunue hata kipande cha bomba kabla hujafanya jaribio hili. Tafuta kipimajoto cha kawaida (si kile cha homa, kile hakisomi chini ya digrii 35 hivi), funga kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ncha yake, kisha kipepee kwa feni mpaka namba iache kushuka. Namba hiyo ndiyo sakafu yako: mnara wowote, hata ujengwe na mhandisi wa Ujerumani, hauwezi kushusha maji chini yake. Hewa ya digrii 34 yenye unyevu wa asilimia 25 itakupa digrii 20 hivi. Hewa ya digrii 27 yenye unyevu wa asilimia 80 itakupa 24, yaani tofauti ya digrii tatu tu, na kwa digrii tatu hakuna haja ya kujisumbua. Pima saa nane mchana, si asubuhi. Mnara wa nyumbani uliojengwa vizuri hukupa maji yaliyo juu ya namba hiyo kwa digrii nne hadi sita.

Mnara wenyewe hauna maajabu. Ni bomba la PVC la inchi nne, lile la maji taka, urefu wa mita moja na kidogo, limesimama juu ya dumu la lita 20 lililokatwa juu. Kileleni kuna kichwa cha shawa chenye matundu madogo. Karibu na chini weka kiungio chenye mkono wa kando unaoelekea juu, ili matone yasiingie kwenye feni. Feni hukaa kwenye mkono huo na kusukuma hewa ipande wakati maji yanashuka. Katikati ya bomba nimejaza vifuniko vya chupa za soda vya plastiki, nimevitoboa na kuvishikilia kwa kipande cha wavu, ili maji yasidondoke moja kwa moja bali yasambae na kuchelewa. Kuna watakaokushauri utumie makaa, kwa sababu majokofu ya makaa ya kuhifadhia mboga yanafanya kazi vizuri. Kwa mboga sawa. Hapa vumbi la makaa litaziba pampu.

Ninapotaka tuelewane zaidi ni hapa: maji ya mnara yasiingie kamwe kwenye kompyuta. Michoro mingi ya mtandaoni inaonyesha maji yaleyale yakitoka kwenye shawa, yakipita kwenye bloku ya prosesa (kipande cha chuma kinachokaa juu yake na kupitisha maji ndani), na kurudi juu. Waliochora hawajaliona vumbi letu jekundu. Mnara unafua hewa. Kila chembe inayopita inabaki majini, na baada ya siku chache chini ya dumu kuna tope la rangi ya matofali. Ongeza chumvi za maji ya kisima: maji yanakauka, chumvi inabaki, unajaza tena, inazidi, mpaka ukoko mweupe unajenga kila mahali. Njia za ndani ya bloku ni nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Zitaziba tu.

Kwa hiyo tengeneza mizunguko miwili. Mzunguko mchafu ni dumu, pampu na shawa. Mzunguko safi unatoka kwenye bloku, unapita kwenye koili ya shaba iliyozama ndani ya dumu, na kurudi. Koili nilitengenezewa na fundi wa friji, bomba la inchi tatu kwa nane (3/8), mita nne hivi, limezungushwa kwenye chupa ya gesi. Aliniangalia kwa muda.

"Kijana wangu, waragi utapikia wapi?"

"Mzee, si waragi, ni ya kompyuta."

"Sawa. Ya kompyuta."

Sidhani kama aliniamini, lakini kazi yake ni safi. Koili hiyo inakugharimu digrii tatu au nne za ziada kwa mzigo wa wati 150, na kwangu ni bei nafuu kwa kulala bila wasiwasi. Leo nikiwa narenda (kompyuta inatengeneza video ya mwisho) mchana kutwa, prosesa iko kwenye hamsini na kitu.

Mzunguko safi ujaze maji ya betri, yale ya kujazia, pamoja na kulanti kidogo ya gari ya kuzuia kutu. Soma chupa vizuri dukani, maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo na chupa zinafanana. Bloku ikiwa ya shaba na koili ya shaba, usiingize kitu chochote cha alumini katikati. Metali hizo mbili zikikutana majini, alumini inaliwa.

Watu huniuliza kama kompyuta haitatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Haitoi, mradi mnara na kompyuta vinatumia hewa moja. Namba ya kitambaa daima iko juu ya joto ambalo hewa huanza kutoa umande, na maji yako hayawezi kushuka chini ya namba hiyo. Hatari inakuja mnara ukiwa nje kwenye hewa kavu, halafu chumbani mmejaa watu na mtu anachemsha chai. Hapo pangusa mipira ya maji kwa kidole mara mojamoja, uone kama imelowa.

Nje ndiko mahali pake lakini. Ndani utajaza chumba unyevu mpaka mnara wenyewe ushindwe kazi. Tena maji ya vuguvugu yanayonyunyizwa ni makao ya bakteria wa Legionella, waliopata jina baada ya mkasa wa Philadelphia mwaka 1976. Wanazaliana kati ya digrii 20 na 45, na mtu huwavuta kwa pumzi kupitia matone madogo. Mdomo wa mnara usielekee dirishani wala pale watoto wanapocheza. Kila wiki mwaga maji yote, sugua dumu, weka mapya. Hiyo hiyo ndiyo dawa ya mbu, kwa kuwa yai la mbu wa malaria linahitaji zaidi ya wiki kidogo kuwa mbu anayeruka. Juu na kwenye mdomo wa feni funga kipande cha chandarua kilichochakaa.

Pampu nunua za volti 12, mbili, usitumie zile za kuchomeka ukutani. Umeme wa volti 240 ndani ya dumu la maji, uani, na watoto wapo, siutaki. Za volti 12 zinachukua umeme kwenye pawasaplai (kisanduku cha umeme) ya kompyuta yenyewe, waya wa njano na mweusi, kwa hiyo zinawaka na kuzima pamoja na mashine hata umeme ukicheza. Angalia pia pampu ya mnara inainua maji hadi urefu gani. Kiwango kilichoandikwa kwenye boksi ni pale ambapo maji yanakoma kabisa kutoka, hivyo kwa mnara wa mita moja chukua ya mita mbili au zaidi.

Mwisho ingia kwenye mipangilio ya bayosi (ile inayofunguka kompyuta inapowaka, kabla ya Windows), uweke mashine ijizime prosesa ikifika kiwango ulichochagua; changu nimekiweka digrii 90. Kisha chomoa pampu ya mzunguko safi kwa makusudi ukiwa umekaa hapohapo, uone kama inajizima kweli, kabla hujaiachia kazi ya usiku.