Kabla hujagusa maegesho ya senta: kwa maafisa mipango wapya

Wadogo zangu mnaoripoti kwenye halmashauri za mkoa wetu wa Tabora, kazi hii mtaletewa mapema kuliko mnavyodhani. Diwani atapiga simu, au mwenyekiti wa kijiji atakuja mwenyewe na kofia mkononi: senta yetu ni vumbi na magari tu, wazee wanaongea wamesimama juani, watoto wanacheza katikati ya matairi, tunataka pawe mahali pa watu. Wewe una miezi minne tangu utoke chuoni, kompyuta mpakato ina programu ya kuchorea, na mkono unawasha. Mimi nilichora siku hiyohiyo. Mchoro ule una njia za matofali, bustani ya duara na mabenchi kumi na mawili. Uko kabatini hadi leo, na kila afisa mpya akifika namtolea acheke kwanza, ndipo tuanze kazi.

Bustani ya duara haikuwa kosa kubwa. Kosa ni kwamba nilipachora kama kiwanja kitupu chenye magari, na pale hapajawahi kuwa kitupu hata siku moja.

Kwa hiyo nendeni mkakae. Sisemi ile tathmini ya dodoso ya kwenda na kurudi na gari la ofisi. Kaeni kwenye benchi la mama lishe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, siku moja ya kawaida na siku moja ya gulio, na daftari lililopigwa mistari ya saa. Kila saa andikeni mambo matatu: gari gani limesimama, watu wako wapi, kivuli kiko wapi. Mkifika salimieni wazee ipasavyo, na kama mmejifunza kusema "mwangaluka" asubuhi, semeni. Mgeni anayeandika bila kusalimia hudhaniwa ni mtu wa ushuru, na kuanzia hapo kila mtakachoonyeshwa ni maigizo.

Daftari langu la kwanza liliniaibisha. Ule msongamano wa magari tuliolalamikiwa ulidumu kwa muda wa saa moja na nusu tu. Noah na Hiace za kwenda mjini hujipanga alfajiri, zinajaza, zinaondoka. Saa mbili na nusu pameshakuwa peupe, na hazirudi mpaka saa kumi. Mchana kutwa eneo lote lilikuwa limeshikwa na magari mawili: pikapu ya mwenye duka, na Fuso moja lililokaa juu ya mawe tangu kabla sijaajiriwa, nyasi zimeota hadi kwenye usukani. Bodaboda wote walikuwa wamejibana chini ya mti mmoja, mzee wa bao amejibana nao. Baiskeli, na mnajua Tabora kwa baiskeli, zilikuwa zimeegemezwa kila ukuta kwa sababu hakuna aliyewahi kuzitengea mahali. Mchoro wangu nao haukuwa na nafasi ya baiskeli hata moja. Kumbe kijiji kile hakikuwa na tatizo la magari. Kilikuwa na ratiba ambayo hakuna aliyeiandika, na mti mmoja.

Tangu hapo naanza na ratiba. Fuso liliondoka baada ya vikao viwili na mwenyewe, likavutwa kwa trekta huku vijana wakipiga miluzi kama harusi inapita. Foleni ya asubuhi tuliiacha palepale ilipozoea. Saa tatu kamba inafungwa kati ya nguzo mbili, inafunguliwa saa kumi. Mwaka wa kwanza mradi wote ulikuwa huo: kamba, na Fuso lisilokuwepo.

Chuoni mtakuwa mmesikia habari za Copenhagen: mtaa wa Strøget ulifungwa kwa magari mwaka 1962, na gati la Nyhavn, ambalo leo limejaa meza na watu, lilikuwa maegesho hadi mwaka 1980. Au San Francisco mwaka 2005, wabunifu wachache walipolipia mashine ya maegesho saa mbili, wakatandaza nyasi kwenye nafasi ya gari moja, wakaweka benchi na mti, na wapita njia wakaja kukaa. Mifano hiyo itumieni, ila chagueni mnachokichukua. Cha kuchukua ni kule kujaribu kwa muda mfupi, kwa vitu unavyoweza kuondoka navyo jioni. Nafasi ya gari dogo ni kama mita 2.5 kwa 5. Weka mabenchi mawili ya mita tatu, wanakaa watu kumi bila kubanana, na mwenyekiti ataelewa hesabu hiyo kuliko mchoro wowote. Kufukuza magari msikuchukue. Noah inayokuchafulia mchoro wako ndiyo inayompeleka mjamzito hospitali ya wilaya. Ukiisogeza nusu kilomita kwa ajili ya bustani, umemwongezea mwendo mtu mwenye uchungu.

Nasi tulijaribu, kwa chokaa na mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, mwezi wa tano. Nyuma ya maegesho kuna ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya tumbaku. Nililiona, nikaliweka hata kwenye ramani, ila wiki niliyokaa na daftari soko la tumbaku lilikuwa halijafunguliwa. Msimu ulipoanza, lori likaja usiku kuchukua mzigo. Dereva hakuona mawe. Alipindua matatu, akalaza mche wa mwembe tulioupanda kwa hotuba, kisha akanasa akiwa amekata kona nusu. Tulitoka vitandani kushusha marobota ili lori lijinasue. Nilitegemea matusi. Yule baba alinitazama tu, akasema, "Mkubwa, ungeniuliza, ningekuonyesha ninavyogeuka."

Sasa hivi ndivyo ninavyofanya, na nawaomba msiache: tafuteni dereva wa lori kubwa kuliko yote yanayofika pale, mnunulieni chai, mwambieni aingie, ageuke, atoke, huku kijana anafuata matairi yake na ndoo ya chokaa. Ule mchirizi mweupe unaobaki chini ndio mpaka wenu. Ndani yake hamjengi wala hampandi kitu. Na daftari lenu lazima lifike msimu wa mazao; kama mmekaa mwezi wa pili tu, mmeona nusu ya kijiji.

Nije kwenye mabenchi. Hela ya kwanza ilipopatikana tulimwaga zege, mabenchi sita katikati ya uwanja, yametazamana vizuri kama kwenye picha. Saa nne asubuhi zege limeshika moto. Hakuna aliyekaa. Baada ya wiki mbili kina mama wakayapatia kazi: wakaanikia michembe, na kwa haki kabisa, hakuna sehemu nyingine senta nzima ambapo viazi vilikauka haraka vile. Mkurugenzi alipokuja kukagua, alikuta mabenchi ya serikali yamejaa viazi na watu wamekaa kwenye mizizi ya mti.

Kivuli kwanza, kiti baadaye. Hapa tulipo ni kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko utosini, na linaloumiza zaidi ni la kuanzia saa tisa, linaloingia kwa ubavu kutoka magharibi. Banda la nguzo na bati lisiloziba magharibi linakuwa tanuri saa ileile watu wanapotaka kukaa. Zibeni upande huo kwa matete au mabanzi, acheni pande nyingine wazi. Hilo ni la kuwavusha tu miti ikikua. Mti hupandwa mvua zikishika, Desemba au Januari. Ule wa Mei, mtaniambia wenyewe. Mwarobaini unakua haraka na unavumilia kiangazi. Mwembe ni wa polepole lakini kivuli chake hakina mfano, na huku kwetu hakuna haja ya kuutetea. Njia ya zamani ya misafara kutoka Ujiji kupita Tabora hadi pwani watu bado wanaionyesha kwa miembe yake. Hata pale Ujiji, Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, mgeni anapelekwa kuonyeshwa miembe. Msiupande tu karibu na bati la mtu: msimu wa maembe mawe ya watoto hayachagui.

Kila mche mpeni mtu, kamati itauacha ukauke. Mche huu wa fundi baiskeli, ule wa muuza chipsi, na kila mmoja anaumwagilia maji aliyonawia mikono wateja wake. Uzungushieni miba, maana mbuzi hahudhurii mkutano wa kijiji.

Na katikati pabaki patupu. Mtashawishika kupajaza, na wahisani watapenda sanamu au chemchemi. Patupu pana kazi. Ukitokea msiba turubai linafungwa hapo. Chanjo, harusi, mkutano wa hadhara, ngoma, watoto na mpira wa makaratasi, vyote vinahitaji ardhi tambarare isiyo na kitu. Watu wanaokaa hukaa pembeni, migongo ikiwa salama na macho yakielekea wanaopita. Yale mabenchi sita tuliyavunja, kifusi tukakishindilia kwenye mtaro.

Mtaro wenyewe una habari yake. Kiangazi tulisawazisha uwanja kwa moramu, ukang'aa. Novemba, mvua ya kwanza ya maana, maji yote yakaingia dukani kwa mama mmoja anayeuza sukari na chumvi. Alikuja ofisini na mfuko wa sukari iliyogeuka shira, akauweka juu ya meza yangu, akakaa kimya. Mikwaruzo ya matairi tuliyoifukia ndiyo iliyokuwa mifereji. Kabla hujasawazisha, tazama alama za tope kwenye kuta, muulize kila mwenye mlango maji yanapita wapi, kisha telemsha uwanja sentimita mbili kwa kila mita kuelekea mbali na milango. Mvua ya kwanza ikinyesha, uwe pale na mwavuli, hata kama ni Jumapili.

Kuhusu makaratasi sitawachosha, ila haya msiyaruke. Ulizeni ardhi ni ya nani hasa: ya kijiji, ya AMCOS, ya msikiti, ya chama cha siasa, au ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati, na senta zetu nyingi zimekaa humohumo. Ukijenga cha kudumu bila kibali kitapigwa alama ya X nyekundu, na utakuwa umewapa wanakijiji hasara kwa mkono wako. Barabara za wilaya, waoneni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kama ni ardhi ya jumuiya ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiamui peke yake. Lazima mkutano mkuu wa kijiji uridhie, na muhtasari uwe na orodha ya waliohudhuria. Mwenzenu wa mapato atalalamika kwamba ushuru wa maegesho unapotea. Mwonyesheni ushuru wa magenge yatakayoota pembeni, kisha mwacheni afanye hesabu mwenyewe.

Bodaboda msiwafanye adui. Kijiwe chao kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mara nyingi kinakutana kuliko kamati zetu. Sisi tuliwapa kona ya kwanza yenye kivuli, mdomoni mwa uwanja, wakakubali kuishika kamba: wanaifunga saa tatu, wanaifungua saa kumi, na mwenye pikapu akileta ubishi wanabishana naye wao. Nisingeweza kumwajiri mlinzi wa kufanya kazi hiyo vizuri vile.

Kitu kimoja nilichelewa kukiona, aliyenionyesha ni dada mmoja wa maendeleo ya jamii. Alisimama jioni kwenye uwanja wetu mpya akaniuliza, "Kaka, wanawake wako wapi?" Mabenchi yote yalikuwa ya bao na soga za wanaume. Wanawake walikuwa mita arobaini pale, kwenye kioski cha maji, wamekaa juu ya ndoo zao, na wanasubiri foleni ndefu kuliko bao lolote. Tulikuwa tumejenga kivuli mahali ambapo hawasimami. Banda la pili tukaliweka pale kwenye maji, na jukwaa la zege la urefu wa kiuno la kutulia ndoo kabla ya kuitwika. Hilo jukwaa halimo kwenye mwongozo wowote niliousoma, na ndilo nililoshukuriwa zaidi. Taa ya sola ya kwanza nayo tukaifunga hapohapo, maana foleni inafika usiku.

Mwisho ni choo. Ukishawakalisha watu saa tatu mahali pamoja, watadai choo, na kama hukukipanga kitapatikana nyuma ya ghala. Chetu tulikijenga mwaka wa tatu, matundu mawili na moja lenye njia ya kiti cha magurudumu, na kikakaa kimefungwa kwa kufuli miezi mitano kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa mtendaji na mtendaji alikuwa semina. Sasa ufunguo uko kwa mama lishe wa kibanda cha pili, anakisafisha na mia mbili ya kuingilia ni yake. Mkipita barabara ile shukeni, muombeni awaonyeshe. Atawauliza kwanza kama mmekuja kula.